Picha ya Kurusha

Mpiga picha mmoja wa ufukweni alikuwa na vibao viwili vya mbao ngumu, urithi wa baba yake seremala, na vibao hivyo ndivyo vilivyompa jina. La kuzaliwa lilishasahaulika. Mji mzima ulimwita Vibao, mkewe akiwa na hasira alimwita Vibao, na mwenyewe aliitika kwa mbwembwe, akisema jina linalokulisha si la kulionea haya.

Kazi yake ilikuwa hivi. Maji yakijaa, bahari humeza matope yote ya ufukweni, na ndege waliokuwa wakidonoa huko hukosa pa kukanyaga. Basi hukusanyika kwenye fungu moja la mchanga, kubwa kiasi cha uwanja wa mpira, maelfu kwa maelfu: vitwitwi wadogo wanaoenea kiganjani, na sululu wenye midomo mirefu iliyopinda. Husimama bega kwa bega, kila mmoja kwa mguu mmoja, mdomo kaufutika mgongoni, wote wameuelekea upepo. Hapo ndipo Vibao alipomsimamisha mteja, mgongo kwa ndege, uso kwa kamera. "Cheka kidogo! Usifumbe macho, hujafa bado!" Kisha alikibana kwa meno kile kipira cha kufyatulia kamera, akavinyanyua vibao. Kwa! Fungu zima linaruka. Anga linakuwa jeupe, linakuwa la kijivu, linakuwa jeupe tena, na mteja yuko katikati anacheka kana kwamba kawarusha yeye. Hiyo ndiyo iliyoitwa picha ya kurusha, na hakuna bibi harusi aliyefika ufukwe ule akaondoka bila nayo.

Alikuwa na mtindo wake mwingine. Nyuma ya kila picha aliandika kwa penseli tarehe, saa, na vistari: alipogonga mara moja, kistari kimoja, alipogonga mara mbili, viwili. Maana ndege wale huzunguka wakarudi, na picha nzuri haipatikani kwa kugonga mara moja. Ile kubwa kuliko zote, iliyotundikwa sebuleni kwake kwenye fremu ya kioo, ile iliyomletea wateja kutoka kila pembe, ilikuwa na vistari vinne.

Sasa usidhani hakuambiwa. Aliambiwa sana. Palikuwa na mwanamke wa ofisi ya kutunza pwani, ambaye hata sokoni alikwenda na darubini shingoni, na watu wakamwita Mama Darubini. Siku moja alimfuata Vibao mbele ya wateja wake.

"Kaka, hawa wametoka mbali kuliko utakavyosafiri wewe maisha yako yote. Wamekuja kula na kupumzika. Wasiponenepa hapa, safari ya kurudi watafia njiani. Kila ukiwarusha, unawanyang'anya walichokula jana."

"Dada, ndege kapewa mabawa ya nini? Ya kupigia pasi?"

Wateja wakacheka. Mama Darubini hakucheka. "Na wewe umepewa miguu. Nikikukurupusha kila unapokaa kula, utaishi?"

"Nitazoea."

"Haya. Utazoea."

Kesho yake akaja kusimika kibao cha maandishi: NDEGE WANAPUMZIKA, PITA MBALI. Vibao akakitumia kuanikia taulo.

Mwaka huo binti yake wa pekee akarudi nyumbani na mimba ya miezi sita. Nasema mwaka huo kwa sababu alishawahi kurudi mara mbili. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, na msimu ule wa ndege ndio msimu wa mizigo mingi, hivyo mke alipokuwa mjamzito alikuja kwa wazazi wake apate wa kumwangalia. Mara mbili alikuja na tumbo, mara mbili akaondoka mikono mitupu. Safari hii daktari alimshika mama mtu mkono akamwambia maneno matatu tu: akae, ale, asishtuke. Mama akaapa kwamba atayatimiza, hata ikibidi kumfungia paka wa jirani.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, binti alikuwa kwenye kiti cha veranda ya nyuma, bakuli la uji mapajani, kijiko kimefika nusu ya njia kwenda mdomoni. Akasimama. Wala hakuinuka kama mjamzito, mkono kiunoni na kuguna mara tatu. Alisimama kwa mara moja, bakuli likaruka, mikono imemtawanyika ubavuni, macho wazi kabisa na hayaangalii kitu. Akaizunguka veranda mara mbili kwa hatua fupi za haraka. Kisha akarudi, akakaa, kifua kinampanda na kushuka.

"Umeona nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Sijaona kitu, Mama. Ni kama nimefukuzwa."

Mama hajamaliza kufuta uji sakafuni, binti akasimama tena.

Ikawa hivyo kila siku. Wakati mwingine mara mbili, wakati mwingine mara sita, na baada ya hapo chakula hakipiti. Daktari alimpima akasema ni wasiwasi wa waliowahi kupoteza, akamtaka mama aandike kila linapotokea ili waone kama lina saa maalumu. Mama akanunua daftari la shule akawa anaandika. Lakini saa maalumu haikuwepo. Leo ni saa nne, kesho saa tano kasoro, keshokutwa saa tano na nusu. Na binti anapungua. Tumbo linakua, lakini mikono imekuwa vijiti, na mashavu yameingia ndani.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo mama hakuyaandika, kwa kuwa hakujua ayaandikeje. Binti alilala akiwa amekaa, kidevu kakizungusha mpaka begani, uso kaufukia nyuma ya bega lake mwenyewe, shingo ambayo wewe na mimi tungeikunja hivyo tungepelekwa hospitali. Na kiti chake kilikuwa kinageuzwa. Asubuhi kinatazama ukuta, jioni kinatazama geti. Mama alidhani ni jua linamsumbua, mpaka siku moja alipoanua nguo akaona shuka zote zinapeperukia upande mmoja, na binti yake ameketi akiutazama upande upepo unakotoka. Upepo ulipobadilika, binti aliamka bila kufumbua macho, akakigeuza kiti, akalala tena.

"Mume wangu, huyu mtoto ananitisha," mama alimwambia Vibao siku hiyo.

"Mimba hizo. Wewe ulikuwa unakula chaki."

"Chaki haizungushi shingo."

Vibao alitania, lakini moyoni hakuwa na raha. Alimpenda binti yake kuliko macho yake. Aliongeza kazi ili amnunulie matunda na maziwa, na kuongeza kazi maana yake ni kugonga zaidi.

Ukweli alikutana nao mchana mmoja betri ya kamera ilipomwishia akarudi nyumbani mapema. Chumbani kwake kwa kazi, kwenye meza, alikuwa ametandaza picha za wiki nzima awapelekee wateja. Ukutani palikuwa na ratiba ya kujaa na kupwa kwa maji, maana yeye alifanya kazi maji yakijaa tu, na maji hujaa kwa kuchelewa kila siku karibu saa nzima kuliko jana. Mama alikuwa amelisahau daftari juu ya kiti. Vibao akalichukua, hana hili wala lile, akasoma.

Jumatatu, saa nne na dakika kumi, mara mbili. Jumanne, saa nne na dakika hamsini na tano, mara tatu. Jumatano, saa tano na dakika arobaini, mara moja.

Akainua macho kwenye ratiba. Akayashusha. Mtu mwingine asingeona kitu pale, hata daktari hakuona. Lakini yeye saa zile alizila na kuzinywa miaka ishirini. Akachukua picha ya Jumatatu, akaigeuza. Saa nne na dakika kumi, vistari viwili. Akageuza ya Jumanne. Vistari vitatu. Ya Jumatano, kimoja. Aligeuza picha zote mezani, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyokwenda kinyume na daftari.

Kisha akafanya jambo ambalo kama asingelifanya angelala vizuri maisha yake yote. Alikwenda sebuleni, akaishusha ile picha kubwa, akaigeuza. Tarehe aliijua kabla ya kuisoma. Ndiyo siku mwaka uliopita alipotoka ufukweni anapiga mluzi, na picha bora ya maisha yake ndani ya kamera, akamkuta mkewe getini na shuka lenye damu mikononi.

Aliirudisha ukutani. Msumari aliukosa mara mbili.

Umwambie nani jambo kama hilo? Mkeo? Atakuuliza kwa nini ulikataa kusikia. Daktari? Atakupima wewe. Kesho yake Vibao hakugonga. Vibao vyake alivifungia kibandani kwake ufukweni. Kuvichoma alishindwa, maana kila kimoja kilikuwa na jina la baba yake limechongwa kwa patasi. Akarudi nyumbani saa ya maji kujaa, akavuta kigoda, akamtazama binti yake. Saa ikapita. Binti akala samaki mzima, akaramba vidole, akaomba mwingine.

"Baba, mbona unalia?"

"Vitunguu."

"Hakuna anayekata vitunguu."

"Basi vya jirani. Kula."

Siku mbili zikaenda hivyo. Siku ya tatu Vibao yuko pale pale kwenye kigoda, hakuna aliyegonga, na binti yake akasimama. Mikono imetawanyika. Akaizunguka veranda mara moja, mara mbili, mara tatu. Vibao alitoka mbio pekupeku, akavuka vichaka, na alipofika ufukweni akamwona mbwa. Mbwa mkubwa mwenye furaha zake, anakimbia duara juu ya fungu la mchanga, ulimi nje, na ndege wote wako hewani. Mwenye mbwa amesimama na simu anapiga picha.

"Mfunge!" Vibao akafoka.

"Anacheza tu, mzee. Si ndiyo picha yako ya kurusha? Wewe ndiye uliyetufundisha."

Kumbe hata vibao siyo. Ni ndege wenyewe. Wakirushwa na nani, wakirushwa na nini, binti yake anasimama. Na yeye alikuwa ameufundisha mji mzima kuwarusha: kwa makofi, kwa mbwa, kwa mpira, kwa bibi harusi kuwakimbilia kajishika gauni. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na sasa alijua unavyochoma.

Alimwendea Mama Darubini ofisini kwake, chumba kimoja chenye meza na mafaili. Hakumweleza sababu. Aliuliza tu, "Dada, watu wafurahie vipi pwani bila kuwarusha?"

Mama Darubini alimtazama akitafuta mzaha. Hakuuona. Akavua darubini akaiweka mezani. "Wapite mbali, hatua mia mbili. Mbwa afungwe kamba. Wanaotaka kutembea mchangani waje maji yakipwa, ndege wametawanyika wanakula, nafasi ni kubwa. Maji yakijaa, mtu akae chini atulie. Anayekaa hawamwogopi kama anayesimama. Na ukiona vichwa vinainuka, umeshasogea mno. Simama. Rudi nyuma polepole."

"Basi?"

"Basi. Ni vigumu?"

Vibao akainamisha kichwa. "Taulo langu nimeliondoa," alisema.

Tangu siku hiyo aligeuka mlinzi. Alinunua lenzi ndefu ya mtumba, akabuni picha mpya: wateja wameketi mchangani, kimya, na nyuma yao, mbali, ndege elfu wamelala. Wateja walinung'unika mwanzo. Kisha wakaanza kuipenda, maana mtu aliyetulia nusu saa akisikiliza maelfu ya ndege wakipumua na kunong'onezana usingizini, sura yake inatoka nyingine kwenye picha. Watu waliomjua walimcheka. Alivumilia. Nyumbani binti alinenepa, mikono ikajaa, mashavu yakarudi. Lakini bado alikigeuza kiti chake kuelekea upepo, na bado alilala shingo imezunguka. Vibao alijifunza kutoitazama.

Uchungu ulimshika wiki nne kabla ya wakati wake. Ulimshika asubuhi, maji yanajaa. Gari la kumpeleka hospitali liliitwa, likawa njiani, na jirani yao, mkunga mstaafu, akaingia chumbani akafunga mlango. Baada ya muda alitoka anajifuta mikono.

"Mtoto amekaa vibaya. Naweza kumweka sawa, lakini nataka mama yake atulie tuli. Tangu nimeingia ameshajirusha kitandani mara mbili, kama aliyepigiwa kelele sikioni. Akijirusha tena nimemshika mtoto, sitaokoa wote wawili."

"Atulie kwa muda gani?"

"Nusu saa. Na wewe unakwenda wapi? Mwanamume gani anakimbia saa kama hii?"

Vibao alishavuka geti.

Alipovuka vichaka alisimama ghafla. Maji yalikuwa yamejaa mpaka mwisho, fungu la mchanga limebaki ukanda mwembamba, na ndege wamebanana hapo, wengine vichwa juu, wametoka kurushwa sasa hivi. Mbele yao palikuwa na kundi la watu wa harusi, nguo zinang'aa. Bibi harusi katikati. Simu zimeinuliwa. Na mjomba mmoja mnene, mchangamfu, koti kalivua, amesimama pembeni na vibao viwili mikononi. Vibao vyake. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi.

Angepiga kelele, ndege wangeruka. Angekimbia, ndege wangeruka. Hata kupunga mkono. Alikuwa hatua mia mbili kutoka kwa yule mjomba, na njia pekee ilikuwa kando ya ndege wenyewe.

Akainama, akaanza kwenda. Kwenda gani huko! Mtoto anayejifunza kutambaa angempita. Hatua moja, kusikiliza. Hatua moja. Vitwitwi wa karibu waliinua vichwa, akasimama mguu mmoja hewani. Walimtazama. Sululu mmoja alimgeuzia ule mdomo wake uliopinda, na jicho lake, jeusi, la mviringo, halikupepesa, na Vibao akaona wazi kwamba limemtambua. Hakuwahi kutazamwa hivyo na mnyama wala binadamu. Kisha lile jicho likafumba, na mdomo ukarudi mgongoni. Akashusha mguu.

"Haya jamani, ya mwisho, iwe kubwa!" sauti ya mjomba ilisikika. "Moja!"

Zimebaki hatua tano.

"Mbili!"

Hatua mbili, na mjomba kampa mgongo. Mikono ikafunguka, mipana, kama anayetaka kumkumbatia mtu. Vibao alinyoosha mkono wake wa kulia kupitia chini ya kwapa la yule mjomba, akauweka katikati.

Haukusikika ule mlio wa kwa! Ulisikika mlio mdogo, mkavu, wa kitu kingine. Kidole cha kati kilivunjika mara mbili. Vibao alibana meno kama alivyokuwa akikibana kipira cha kamera, machozi yakamtiririka, na sauti haikutoka.

"Mzee!" mjomba akanong'ona kwa hofu, bila kujua kwa nini ananong'ona. "Tumevikuta kibandani kwako, tulidhani..."

Vibao alitikisa kichwa. Kwa mkono wa kushoto aliwaonyesha: kaeni chini. Na kitu fulani usoni pake kiliwafanya wakae, harusi nzima, bibi harusi na gauni lake jeupe mchangani, mjomba na suruali yake ya pasi. Walikaa. Vichwa elfu viliinuka kwenye fungu la mchanga, vikawatazama muda mrefu, kisha kimoja kimoja vikajificha tena. Nusu saa nzima harusi ile ilikaa kimya, na baadaye wengi walisema hawakumbuki kitu kingine cha siku ile ila hicho. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Vibao alishukuru kwamba kwake kimekuwa kidole.

Aliporudi, alisikia mtoto analia kabla hajafika getini. Wa kike. Mkunga alimwambia binti alitulia kama aliyelala usingizi. Kisha akautazama mkono wa Vibao. "Na wewe umezaa nini huko?"

Miezi miwili ikapita. Mjukuu alinenepa, mama yake akanenepa, na ndege nao wakanenepa mpaka vifua vikawa vya mviringo. Mama Darubini alimwambia Vibao kwamba sasa ni siku yoyote. Maji yakijaa jioni na upepo ukiwa wa nyuma, wataondoka wote.

"Wakiruka wenyewe, inakuwaje?" Vibao aliuliza.

"Hiyo si kukurupushwa, kaka. Hiyo ni safari. Huwezi kuizuia."

Neno safari halikumtoka akilini. Siku iliyofuata upepo uligeuka, na kiti cha veranda kiligeuka nao. Jioni Vibao alivuta kigoda akakaa miguuni pa binti yake, akamshika pindo la nguo bila yeye kujua. Aliogopa. Alijiona akiamka kukuta kiti kitupu na geti wazi.

Walikuja wakipita juu ya nyumba. Kwanza sauti, nyembamba, za mamia, halafu maelfu, halafu kivuli juu ya bati, juu ya kamba ya nguo, juu ya uso wa mtoto. Walipita muda mrefu. Binti aliinua kichwa, mtoto kifuani, na shingo yake ikanyooka, moja kwa moja, kama ya mtu mwingine yeyote. Kisha akasimama. Safari hii polepole, kama mtu aliyeshiba. Pindo lilimtoka baba yake vidoleni.

Hakwenda getini. Alipita mlango wa nyuma, akapita korido, akaingia sebuleni, akasimama mbele ya picha kubwa.

"Baba, nishushie hii."

"Ya nini, mwanangu? Ina vumbi."

"Nishushie."

Akaishusha. Binti aliigeuza kwa mkono mmoja, akasoma penseli nyuma yake. Kule nje sauti za mwisho zilikuwa zinapotea.

"Tarehe hii naijua," alisema. "Saa hii pia naijua. Na hivi vistari vinne ni vya nini?"

Uongo ulimjia mwingi, umejipanga foleni. Ni idadi ya nakala. Ni alama ya fremu. Penseli iliteleza. Alimtazama mwanawe, na akaona anaulizwa na mtu ambaye ameshapata jibu.

"Ni mara nilizogonga."

"Mara nne."

"Mara nne, mwanangu."

Binti aliweka kidole kwenye kistari cha kwanza. "Hapa nilikuwa nimelala." Akasogeza. "Hapa nilianguka mlangoni mwa choo." Akasogeza. "Hapa nilimwita Mama." Kidole kikafika kwenye kistari cha nne, kikakaa.

Vibao alifungua mdomo aombe radhi. Binti akamtoa mtoto kifuani, akamnyoosha mbele.

"Mshike."

Vibao akainua mkono wa kushoto, ule mzima.

"Hapana," binti alisema. "Yote miwili."

Akampokea kwa mikono yote miwili, kile kidole kilichopinda kikiwa chini ya shingo ya mtoto, akabaki amesimama hivyo hivyo katikati ya sebule mpaka maji yalipoanza kupwa.